Albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, kwa sikio lililolelewa na sebene

Wimbo wa nne katika albamu hii unaitwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Mtu aliyekulia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 80 hawezi kulisikia jina hilo akapita tu. Kwasa kwasa, ile dansi ya Kikongo, ni Kinshasa. Ni sauti za Pepe Kalle na Kanda Bongo Man, ni redio iliyofunguliwa mpaka mwisho siku ya harusi. Cape Cod nayo ni rasi ya Massachusetts, Marekani, ambako watu wenye nafasi huenda kupumzika pwani wakati wa kiangazi. Nilitaka kujua viwili hivyo vimekutania wapi, ndiyo maana nikaisikiliza albamu yote, na sijaacha kuisikiliza.

Vampire Weekend walikuwa vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York: Ezra Koenig kwenye sauti na gitaa, Rostam Batmanglij kwenye kinanda na gitaa, Chris Baio kwenye besi na Chris Tomson kwenye dramu. Rostam ndiye aliyekuwa prodyuza. Albamu, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitolewa na XL Recordings Januari 2008. Ina nyimbo 11 na inamalizika kwa dakika 34 hivi.

Kwanza gitaa, maana ndilo lililonileta. Koenig anapiga gitaa safi, lisilo na mkwaruzo ule wa roki, juu kabisa kwenye shingo, na anaingiza vipande vyake pale sauti inaponyamaza. Ukisikia sekunde chache tu za wimbo huo wa nne, utadhani umefika nyumbani. Subiri kidogo. Kwenye nyimbo za Kanda Bongo Man, mpiga gitaa Diblo Dibala akiwa kwenye solo, kuimba ni kama hodi tu. Mlango unafunguliwa haraka na watu wanaingia kwenye sebene, sehemu ya kucheza, ambako gitaa la solo na la ridhim yanafukuzana mpaka miguu ichoke. Hapa hakuna sebene. Gitaa ni moja, linasema neno lake na kurudi nyuma, mwendo ni wa taratibu, na pale ambapo sisi tungetegemea chemko, wimbo unakwisha. Anayeitafuta soukous, muziki huo wa Kikongo wa kucheza, humu hataipata, na nasema hivyo mapema ili asiinunue kwa matumaini hayo.

Nilipoacha kuisubiri sebene ndipo nikaanza kuisikia albamu yenyewe, na ni nzuri sana. Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwa Rostam. Sikiliza "M79", wimbo uliochukua jina la basi linalokatisha Manhattan kwenye mtaa wa 79. Fidla zinaingia kwa heshima zote kama za muziki wa makanisa ya zamani ya Ulaya, kinanda kinadondosha noti ndogo ndogo kali, kisha dramu za Tomson zinakuja kukimbiza kila kitu, na bado hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kila chombo kimeachiwa nafasi yake. Bendi nyingi za roki za wakati ule zilijaza kila upenyo kwa magitaa yenye kelele. Hawa waliacha hewa ipite. "A-Punk" unakwisha kwa dakika mbili na ushee na haudai chochote zaidi. "Walcott" unakwenda mbio kwa piano, na ni wimbo unaomwambia mtu aondoke Cape Cod usiku huu huu. Jina la Walcott linatoka kwenye filamu ya kujitengenezea ambayo Koenig aliwahi kuianza, na jina la bendi limetoka humo humo.

Kwenye simu na spika za masikioni inasikika vizuri kabisa. Kwenye spika kubwa ya sebuleni besi ni nyembamba kidogo kwa sisi tuliozoea besi inayotikisa kifua.

Sasa mapokezi. Jarida la Spin liliwaweka kwenye jalada la Machi 2008, kabla watu wengi hawajaishika albamu mkononi. Tovuti ya muziki ya Pitchfork iliipa alama 8.8 kati ya 10. Ilifika namba 17 Marekani na namba 15 Uingereza. Lawama nazo zikaja kwa wingi: vijana wa chuo cha kitajiri, mashati ya kola, na juu ya hayo wamechukua muziki wa Afrika. Wengi waliilinganisha na Graceland, albamu ya Mmarekani Paul Simon ya mwaka 1986, na bendi yenyewe iliwahi kuuita muziki wake kwa utani "Soweto ya Upper West Side", yaani ya mtaa mmoja wa Manhattan.

Hapo ndipo ninapopingana na pande zote mbili, waliosifu na waliolaumu. Soweto na Kinshasa si mtaa mmoja. Graceland ilisimama juu ya muziki wa Afrika Kusini, ambao besi yake na kodiani yake vina mwendo wake. Gitaa la Kikongo lina ukoo mwingine kabisa. Kuvitia kapu moja na kuviita "sauti ya Afrika" ni kutusikiliza nusu. Katika mapitio niliyoyasoma mimi, hakuna hata moja lililomtaja Diblo, na hilo linaniuma kuliko mashati ya kola. Tena wale waliowaita "watoto wa kizungu" walimsahau Rostam, ambaye wazazi wake walitoka Iran.

Kwa Koenig sina kinyongo. Ndani ya "Cape Cod Kwassa Kwassa" anamtaja Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza aliyewahi naye kuchanganya muziki wa Afrika na wake, na kukiri kwamba jambo hili si la kiasili kwake. Anajua ameazima, na amelisema mbele ya watu. Baadaye Gabriel mwenyewe aliurekodi wimbo huo pamoja na bendi ya Hot Chip ya Uingereza.

Kinachonichosha ni "One (Blake's Got a New Face)", kibwagizo chake kinarudiwa mno na kuitikiana kwake hakuna joto. Mashairi nayo, kwa mtu asiyeyajua maisha ya vyuo vya Marekani, yamejaa majina ya nguo na mitaa yasiyofungua kitu. Ukitaka kuanza, anza na "M79", ufuate "Walcott", kisha "The Kids Don't Stand a Chance" unaofunga albamu kwa fidla zile zile zikiwa zimetulia. Contra, albamu yao ya pili ya Januari 2010, ilishika namba 1 Marekani na ina sauti nyingi zaidi za mashine za kielektroniki. Mimi naichagua hii ya kwanza.