Kiti cha Enzi Kutoka Karakana ya Lamu: Uzoefu Wangu

Niliagiza kiti cha enzi, yaani kile kiti cha heshima cha Waswahili wa pwani, katika karakana moja ya Mji wa Kale wa Lamu kwa ajili ya sebule yetu hapa Malindi, na kwa kuwa bei yake si ndogo, naona inafaa niwaeleze wanaokusudia kuagiza.

Kazi yenyewe ni ya hali ya juu sana. Mbao zimeunganishwa kwa ndimi zilizochongwa zikaingia katika matundu yake sawasawa, bila msumari hata mmoja, hivi kwamba kiti kiliweza kufunguliwa, kikabebwa na punda hadi gatini, kikavushwa kwa boti hadi Mokowe na kupakiwa basini, kisha kikaungwa tena nyumbani bila kulegea. Kikalio na mgongo vimesukwa kwa uzi uliokazwa vizuri. Viti vya kale vya aina hii ni vya mpingo uliotiwa pembe za ndovu; changu kimetiwa mfupa wa ngamia, nami nilitaka hivyo, kwa sababu biashara ya pembe ni marufuku na mfupa uliosuguliwa kwa uangalifu unapendeza vya kutosha.

Kasoro ninayoiona ni kwamba kiti hakina alama yoyote ya aliyekitengeneza. Aliyekata nakshi si aliyesuka uzi, na wote wawili wanastahili kujulikana. Huko Paris, kanuni za chama cha maseremala na mafundi wa samani, zilizoandikwa mwaka 1743 na kuanza kutekelezwa mwaka 1751, zilimlazimu kila fundi mkuu kugonga muhuri wa jina lake kwenye kazi yake. Vyama hivyo vilifutwa mwaka 1791 wakati wa mapinduzi, na sisikitikii ukali wao wa kuwazuia wasio wanachama kufanya kazi. Lakini ule muhuri ndio unaotuwezesha hadi leo kujua kabati fulani lilitoka mikononi mwa nani. Mafundi wa Lamu, ambao hurithishana ujuzi kutoka kwa baba na wajomba, hawapungukiwi na ustadi wa kuwastahilisha heshima hiyo.

Kwa hiyo nawashauri wateja wadai jina na mwaka vichongwe chini ya kikalio, na aina ya mbao iandikwe katika risiti kabla ya kulipa malipo ya awali. Anayetafuta kiti cha kuegemea kila jioni achague kingine, maana mgongo wa hiki umesimama wima.