Softi stata kwenye kiyoyozi cha trela: uzoefu wangu wa msimu mmoja Dodoma

Ninamiliki trela la kulala ninalolikodisha kwa wageni wanaokwenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, na juu ya paa lake kuna kiyoyozi cha volti 230 ambacho kwa muda mrefu kilinitia aibu. Jenereta yangu ya kVA 2.2 ilikuwa na uwezo wa kukiendesha lakini haikuweza kukiwasha: feni ilizunguka vizuri, kisha kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ilipojaribu kuanza, jenereta ikaguna, taa nyekundu ya kuzidiwa ikawaka na umeme ukakatika. Oktoba, kabla ya mvua, bati la trela hushika joto hadi usiku wa manane, kwa hiyo mgeni aliyelipia kiyoyozi akalala madirisha wazi ana haki ya kulalamika, na walilalamika.

Nilikuwa nimeanza kutafuta jenereta kubwa zaidi, yenye uzito ambao nisingeweza kuunyanyua peke yangu, ndipo fundi wangu wa friji pale Majengo akaniomba nisubiri. Tuliunganisha trela na umeme wa nyumbani, akafunga klampu mita, kipimo cha umeme kinachobana waya kwa nje, kwenye waya wa kompresa, akanionyesha kwamba ikishazunguka hutumia ampea 5.4 tu, ilhali wakati wa kuanza iliruka hadi 26. "Mama, mzigo wako si mkubwa, mwanzo wake ndio mkubwa," aliniambia. Mota iliyosimama bado haijajenga nguvu ya kuupinga umeme unaoingia, hivyo huvuta mara kadhaa ya mahitaji yake ya kawaida mpaka ishike kasi. Dawa yake ni softi stata, kifaa kinachoipimia kompresa umeme kidogo kidogo katika kipindi hicho kifupi.

Kukipata kifaa chenyewe kulihitaji uangalifu, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari ya kulala zimetengenezwa kwa volti 115 za Marekani, na nusura ninunue mojawapo. Niliyoipata ya volti 230 na hezi 50 ilinigharimu zaidi ya laki saba pamoja na usafirishaji, fedha ambazo kwangu si kidogo. Ufungaji wa kwanza ulifanywa na fundi mwingine aliyebadilisha nafasi za waya wa kuanzishia na waya wa kuendeshea kwenye kapasita, kijenzi kinachohifadhi chaji ya kuisaidia mota, na kiyoyozi kikagoma kabisa. Fundi wa Majengo alizirekebisha kwa dakika ishirini.

Softi stata yangu hujifunza tabia ya kompresa katika kuwashwa mara chache za mwanzo, kazi tuliyoifanya kwa umeme wa nyumbani. Baada ya hapo klampu mita ilisoma ampea 10 wakati wa kuanza. Jenereta ile ile, iliyokuwa ikizimika, sasa huongeza mlio kidogo na kuendelea, na taa za ndani hazififii tena. Nimekitumia msimu mzima wa joto na hakijashindwa hata mara moja, isipokuwa pale mgeni anapozima kiyoyozi na kukiwasha papo hapo. Presha ya gesi ya kupoza huwa haijasawazika, hivyo nimebandika tangazo la kusubiri dakika tatu.

Ningependa mnunuzi aelewe jambo moja ambalo wauzaji hulipita haraka: kifaa hiki hakipunguzi umeme unaotumika kompresa ikishazunguka, na mafuta ya jenereta yangu hayajapungua. Mwenye kiyoyozi cha inveta, yaani chenye kuibadilisha kasi ya mota yake, hana haja nacho, kwa kuwa mota ya aina hiyo huanza taratibu yenyewe. Aidha, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini ya jenereta kwa takribani asilimia 10, kwa hiyo nafasi inayobaki ni finyu. Birika la umeme nimeliondoa kwenye trela, na chai ya wageni sasa inachemshwa kwa gesi.