Daktari wa Ngozi: Uanze na Shahada au Utabibu?

Kijana wa Mwanza anayetaka kutibu ngozi ana njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni shahada ya udaktari: miaka 5, na anaweza kuisomea hapahapa, katika chuo cha Bugando. Unafuata mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha uzamili wa magonjwa ya ngozi, unaomfanya daktari bingwa, ambao ni miaka mingine ya ada na kodi ya chumba, wakati wenzake wa sekondari wameshajenga.

Ya pili ni utabibu, yaani kazi ya tabibu (clinical officer), anayetibu bila shahada ya udaktari. Stashahada ya miaka 3, kufanya kazi kwa muda, halafu stashahada ya juu ya miaka 2 huko Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza katika hospitali ya KCMC mwaka 1992. Ni fupi zaidi, lakini hutaitwa daktari bingwa, na hilo huwauma wengi.

Ugumu wa kutambua ugonjwa kwa macho ni uleule kwa wote. Picha nyingi vitabuni ni za ngozi nyeupe; wekundu unaoonekana wazi pale, kwenye ngozi yetu huwa kama zambarau au kahawia. Ongeza nyuso zilizoharibiwa na mkorogo, na wavuvi wenye ualbino wanaoshinda juani ziwani, ambao kidonda kidogo kisichopona huweza kuwa saratani.

Mimi ningependa mabingwa waongezeke, maana saratani iliyokomaa inawahitaji. Ila kwa Ukerewe, ambako mgonjwa lazima avuke maji kuja mjini, tabibu wa ngozi anayeishi kisiwani anakiona kidonda hicho mapema.