Darubini ya bei nafuu kwa bunduki ya .22: uzoefu wangu na Hawke Vantage 4-12x40 AO

Ukienda dukani kutafuta darubini ya kulengea ya bunduki ya .22 (ile ya risasi ndogo, yenye upana wa takribani inchi 0.22), swali la kwanza lisiwe inakuza mara ngapi. Uliza imerekebishwa kwa umbali gani, na kama umbali huo unaweza kubadilishwa. Muuzaji akibabaika, soma mwenyewe maelezo ya kiwandani kabla hujatoa pesa. Nimefyatua risasi nyingi sana za .22 LR kwenye karatasi hapa Ohio, na nina hakika kwamba mwenye bajeti ndogo anaponzwa na jambo hili kuliko lingine lolote.

Bunduki yangu ni CZ 457 Varmint, yenye mtutu mnene. Ninalenga shabaha yadi 50, mara nyingi mezani juu ya mifuko ya mchanga, na mara nyingine nikiwa nimelala kifudifudi. Bajeti ya darubini ilikuwa dola 200 na nilikusudia isizidi hapo, maana fedha iliyobaki ilikuwa ya risasi.

Sasa turudi kwenye umbali. Darubini nyingi zilizotengenezewa bunduki kubwa za kuwindia hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa yadi 100 au 150. Sisi wa .22 tuko yadi 50, na wakati mwingine 25. Ukiitumia darubini ya namna hiyo kwa umbali wetu, taswira ya shabaha na msalaba wa kulengea haviangukii mahali pamoja ndani ya darubini. Jicho likisogea kidogo pembeni, msalaba nao unahama juu ya karatasi ingawa bunduki haijatikisika hata kidogo. Hiyo ndiyo paralaksi, na hesabu yake si ngumu. Lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyowekwa yadi 100, ukiitumia yadi 50, inaweza kukupoteza hadi milimita 10 jicho likiwa ukingoni kabisa. Mduara wa kumi kwenye karatasi ya mita 50 ya ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha) una kipenyo cha milimita 10.4. Kwa hiyo risasi uliyoilenga katikati ya kumi inaangukia kwenye tisa, na upepo wala kifyatulio havihusiki. (Mashindano yenyewe ya ISSF ya bunduki ya mita 50 kwa shabaha isiyosogea hayaruhusu darubini, lakini karatasi zake ni kipimo kizuri cha mazoezi.)

Kuijaribu ni rahisi. Hakikisha bunduki ni tupu na boliti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu) imetolewa, iegemeze kwenye mifuko ya mchanga ukiwa uwanjani, elekeza msalaba kwenye shabaha, kisha sogeza kichwa juu, chini, kushoto na kulia bila kuigusa bunduki. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, darubini hiyo haijakaa sawa kwa umbali wako. Kama darubini ina pete ya kurekebisha umbali, izungushe hadi msalaba utulie. Usiziamini sana namba zilizoandikwa kwenye pete, ziamini macho yako. Kwenye darubini yangu msalaba hutulia pembeni kidogo ya alama ya 50, na nimeweka alama ya rangi pale unapotulia.

Nilipunguza orodha hadi mbili. Ya kwanza ilikuwa Vortex Crossfire II 2-7x32 ya Rimfire (yaani ya bunduki ndogo kama za .22), ambayo kiwanda kimeiweka yadi 50 moja kwa moja. Ni ndogo, ni nyepesi, haina cha kuzungusha wala cha kusahau, na bei yake ni ya chini. Ya pili ni hii ya Hawke, inayokuza mara 4 hadi 12 kwa lenzi ya mbele ya milimita 40, yenye pete mbele inayorekebisha umbali kuanzia yadi 10 hadi mbali kusiko na kikomo. Herufi AO kwenye jina lake zinamaanisha pete hiyo. Nilichukua Hawke kwa sababu siku nyingine tunalenga yadi 25 na siku nyingine 100, na sikutaka kufungwa na umbali mmoja. Niliipata chini kidogo ya dola 200.

Yadi 50 picha ni safi. Kwa ukuzaji wa 10 naona tundu la risasi kwenye sehemu nyeupe ya karatasi bila kuinuka kwenda kwenye darubini kubwa ya kuangalizia. Kwenye sehemu nyeusi inakuwa vigumu, hasa mawingu yakitanda, kwa hiyo ninatumia karatasi zinazobadilika rangi pale risasi inapopita. Nikifika 12 mwanga unapungua kidogo. Hilo liko kwenye darubini zote za ukubwa huu: gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, na utapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Milimita 40 kwa 12 ni 3.3. Darubini ya bei hiyohiyo inayojinadi kwa ukuzaji wa 24 na lenzi ya 40 itakuletea milimita 1.7 tu, kisha mapigo ya moyo wako yote utayaona kwenye msalaba na mazigazi ya mchana yataichezesha shabaha. Kwa dola 200, ukuzaji mkubwa unalipiwa kwa vioo hafifu. Mimi hubaki 8 hadi 10, na sijawahi kutamani zaidi kwa yadi 50.

Vizungushio vya kurekebishia viko chini ya vifuniko, vinazungushwa kwa vidole, na kila kliki ni robo ya MOA. MOA ni kipimo cha pembe: kwa yadi 100 ni kama inchi moja, kwa yadi 50 nusu ya hapo. Kwa hiyo kliki moja yadi 50 inasogeza risasi takribani milimita 3.3, na huo ni udogo unaotosha kabisa.

Jambo moja la kujua kabla ya kununua ni kwamba msalaba niliouchagua una vidoti vya mili (kipimo kingine cha pembe), huku kliki zikihesabiwa kwa MOA. Mili moja ni MOA 3.44, yaani karibu kliki 14. Anayetaka kusoma kosa kwenye vidoti na kulisahihisha papo hapo kwa kliki atalazimika kupiga hesabu kila mara. Mimi navitumia vidoti kukadiria upepo tu, kwa hiyo havinisumbui, lakini anayelenga mashindano ya mabamba ya chuma kwa umbali tofauti atafute darubini ambayo msalaba na kliki vinatumia kipimo kimoja, hata kama itabidi aongeze fedha. Tena vidoti hivyo ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu uliotajwa kwenye kitabu chake.

Darubini nafuu hupimwa kwa kliki kuliko kwa vioo. Tunafanya jaribio la mraba. Fyatua risasi tano kwenye shabaha. Panda kliki 40, fyatua tano ukilenga palepale, nenda kulia 40, fyatua, shuka 40, fyatua, rudi kushoto 40, fyatua. Kwa yadi 50 kila upande wa mraba uwe na takribani sentimita 13, na kundi la mwisho liangukie juu ya lile la kwanza. Yangu ilifunga mraba vizuri, na inaendelea kuufunga kila ninapoijaribu baada ya majira ya baridi. Nimewahi pia kuitumia darubini iliyouzwa pamoja na bunduki kama zawadi, sitaitaja jina, ambayo msalaba wake ulikuwa haurudi: unazungusha kliki sita, hakuna kinachotokea, kisha risasi ya tatu inaruka ghafla. Ukiwa na kitu kama hicho utabadilisha risasi, utabadilisha pete za kufungia darubini, utalaumu pumzi zako, na bado hutaelewa.

Uaminifu wa kliki unaonekana zaidi ukienda yadi 100. Risasi ya .22 ya gramu 2.6, ikitoka mtutuni kwa takribani mita 326 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, na bunduki ikiwa imerekebishwa yadi 50, itashuka kama inchi 6 hadi 7 ifikapo yadi 100. Hizo ni kliki 24 hadi 28 za kupanda, kisha kurudi chini ukirejea yadi 50. Nimezoea kupanda na kushuka hivyo na tundu la kwanza linarudi mahali pake.

Usumbufu wa pete ya mbele ni kwamba ukiwa umelala kifudifudi lazima uuache mkao ili kuifikia. Wanaobadilisha umbali katikati ya mashindano watapenda zaidi kizungushio cha pembeni, ambacho huongeza bei. Kwa anayekaa umbali mmoja mchana kutwa, kama mimi, hilo ni dogo.

Kuifunga kwenye CZ hakukuwa na shida. Mgongo wake una mfereji wa milimita 11, kwa hiyo nunua pete za kufungia za kipimo hicho, wala si zile pana za reli. Boliti ya 457 inainuka nyuzi 60 tu, hivyo pete fupi zinatosha na mkono haugongi lenzi ya jicho. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana inayopima nguvu, ukifuata kipimo cha mtengeneza pete. Kuta za bomba la darubini ni nyembamba, na bomba likibanwa kupita kiasi linaharibu mwendo wa kliki.

Anayejiandaa kwa mashindano ya Rimfire Sporter ya CMP (shirika la Marekani linalokuza ulengaji wa shabaha kwa raia), yale yanayofanyika Camp Perry kando ya Ziwa Erie kila kiangazi, asinunue hii kwa haraka. Kanuni za daraja la darubini zinaweka kikomo cha ukuzaji wa 6, na bunduki pamoja na darubini yake isizidi pauni 7.5. Shabaha ziko yadi 50 na 25. Huko ile ndogo ya 2-7x32 inafaa zaidi, ikiwekwa kwenye 6 au chini yake, na CZ yenye mtutu mnene ibaki nyumbani.

Ile fedha niliyoitenga niliipeleka kwenye risasi: maboksi machache ya aina tofauti, CCI Standard Velocity, SK Standard Plus na Eley, ili kujua mtutu wangu unapenda ipi. Ulipenda SK. Nikanunua katoni nzima ya toleo lilelile, na makundi yangu ya matundu yakawa madogo kwa kiasi ambacho darubini ya dola 800 isingenipa.