Vikao kumi, shati la shule na punda wa kichochoroni

Mwanangu ana miaka tisa. Kutwa kujikwaa: ngazi za gati, baraza za watu, hata punda aliyesimama zake kichochoroni Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, amewahi kumvaa. Shati la shule nikimfunga vifungo mimi. Nyumbani wakamwita mzembe, na zahanati ya kwanza tuliyokwenda ikaniambia atakua tu, ataacha.

Mwaka jana nikaelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya watoto anayevuka na boti kutoka Mokowe, upande wa bara, kila Jumamosi. Akaniambia hali hii yajulikana, ni tatizo la uratibu wa viungo, na katika watoto mia wa umri wa shule watano au sita wanalo. Nililia, sisemi uongo.

Tulilipia vikao kumi, shilingi 1,500 kila kimoja. Mimi nikidhani ni kuruka kamba na kudaka mpira. Wapi! Mtoto mwenyewe huchagua mambo matatu. Wangu akataka vifungo, kushuka botini bila kushikwa mkono, na kuandika haraka. Kisha huulizwa: wataka nini, utafanyaje, haya fanya, imekubali? Jibu hapewi, alitafute. Njia hii ilianzia Kanada miaka ya 1990. Mtaalamu wetu huongeza na lake: mtoto atazama kwenye simu video ya binamu yake akifunga kifungo, afumbe macho, ajione akifunga kwa mikono yake, ndipo ashike shati.

Kikao cha tatu alikuwa akikisukuma kifungo kibapa, hakipiti. Akaulizwa kwa nini. Akanyamaza kitambo, akasema, "Punda hapiti kichochoroni ubavu-ubavu." Akakisimamisha, akakiingiza kichwa kwanza, akakivutia upande wa pili. Sasa asubuhi namsikia chumbani akinong'ona, "Punda, ingia."

Boti ilichukua hadi kikao cha nane, na maji yakitoka, ngazi zikiwa na utelezi, bado hunitupia jicho kwanza.

Mwandiko haukusogea. Tena bahari ikichafuka mtaalamu haji, na kikao nilichokosa hivyo sikufidiwa. Karatasi za mazoezi ya nyumbani ni za Kizungu tupu. Bibi yake, anayeshinda naye, atazisomaje?

Hata hivyo nitalipa tena, vitano tu safari hii, vyote vya mwandiko, na nimeshamwambia mtaalamu karatasi zile anisomee kwa Kiswahili nizirekodi kwenye simu.