Nilimfuata Eero, nikarudi shabiki wa mama yake

Nakiri kabisa, Saarinen House, nyumba ya familia ya Saarinen kule Cranbrook, Michigan, Marekani, nilienda kwa ajili ya mtoto wao tu. Eero, msanifu majengo yule aliyechora lile tao kubwa la St. Louis na kile kiti cha mguu mmoja ambacho kopi zake zimejaa kila mahali. Sasa ingia ndani uone, mtoto mwenyewe unamsahau.

Baba mtu, Eliel, naye msanifu majengo na baadaye mkuu wa chuo cha sanaa cha hapo Cranbrook, alihamia Marekani na familia yake kutoka Ufini mwaka 1923, na hii nyumba ilikamilika 1930. Mama, Loja, alishafungua karakana yake ya kufuma tangu 1928, kwa hiyo mazulia mnayotembea pembeni yake mkiambiwa msikanyage ni kazi ya karakana yake hiyo. Eero, kijana mdogo tu wakati ule, akachora fanicha za chumba cha kulala cha wazazi! Na dada yake Pipsan naye mbunifu, yaani hapo mezani sijui walikuwa wanapiga stori gani.

Tena hiyo meza. Chumba cha kulia kina pembe nane, kwenye kona kuna vidaka vimepakwa rangi nyekundu, juu dari limeingia ndani kama kuba na ni dhahabu tupu, taa inaning'inia katikati, halafu chini yake ndio kuna meza ya duara ambayo wageni wakiongezeka unaiongezea vipande na bado inabaki duara, wala haigeuki yai kama zetu. Viti vina migongo mirefu yenye mistari myeusi. Nilisimama hapo mpaka wenzangu wakatangulia chumba kingine nikaitwa.

Baadaye wakuu wengine wa chuo hicho cha sanaa waliishi humo na vitu vikabadilishwabadilishwa, ndio maana ukarabati ulichukua miaka, 1988 hadi 1994, kuirudisha ilivyokuwa. Na haijawa kama duka la fanicha, unahisi kabisa kuna watu walikaa.

Uzururaji wa peke yako hakuna, mnaingia kwa kundi na mtembezaji, na si mwaka mzima, kwa hiyo cheki ratiba kabla hujafunga safari. Vaa viatu vya kusimama, maana viti vyote hivyo vizuri ni vya kuangalia kwa macho. Roho iliniuma kidogo hapo karibu na mahali pa kuotea moto sebuleni, miguu inauma kwa kusimama na kiti kiko pale pale.

Nyota tano. Zulia la chumba cha kulia peke yake nne.