Kamusi ya visawe ya elfu 12: maneno kibao, ladha utajitafutia mwenyewe

Hii kitu nimekaa nayo miezi minne sasa kwahiyo naiongelea bila kuionea. Ni kamusi ya visawe ya Kiingereza, zile wenyewe wanaziita thesaurus, mtumba, nimeitoa kwa wale jamaa wanaopanga vitabu chini kule Posta, muuzaji alianza na elfu 20 tukavutana weee mpaka 12 na mfuko akanipa. Jalada limebanduka, kurasa zina unjano na harufu ya stoo, maandishi madogo kama ya kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa. Kampuni siitaji, maana nimepekua na za kampuni nyingine palepale chini nikaona mtindo ni uleule.

Sababu ya kuinunua ni hii. Mimi kazi yangu kuandikia watu Kiingereza, sivii, matangazo, barua za maombi, na kuna mzee mmoja ana gesti yake ya vyumba nane huwa namjibia wageni mtandaoni. Siku hiyo kanipigia, shikamoo yangu hata hakuisubiri iishe, "Kijana wangu, kuna mzungu kaniandikia chumba changu beige. Beige si rangi ya kaki hiyo? Namba 3 mimi nimepaka kijani!" Nikaenda kusoma, mgeni kaandika mistari miwili tu, chumba kisafi ila a bit beige, breakfast bland. Nikamwambia mzee huyu hasemi rangi ya ukuta, anasema chumba kipo kipo tu, ukishatoka hukumbuki hata kilikuwaje. Mzee kimyaa, halafu akauliza, "Na hiyo bland nayo rangi gani?"

Hapo ndo nikaona nahitaji silaha.

Sasa jaribio la kwanza nikafungua dull, yaani kitu kisicho na mvuto. Aisee maneno yapo, nilihesabu mpaka 40 na kitu nikaacha. Bland, drab, flat, insipid, vapid, banal, humdrum, stodgy, pedestrian, prosaic, jejune, yote yamemwagwa pale na mkato katikati, hakuna mfano hata mmoja, hakuna hili la chakula hili la mtu hili ni tusi. Ni kama mtumba uliomwagwa kwenye turubai, unachomoa shati zuri unalipa, ukifika nyumbani ndo unagundua vifungo viko upande wa kike.

Na mimi yamenikuta. Mzee alitaka tangazo jipya, akasema andika vyumba vyangu havina mbwembwe, rangi zimetulia. Nikaweka plain, ila plain nilishaitumia mara mbili juu, nikafungua kitabu nikakuta drab kwenye mstari huohuo, fupi, inatamkika vizuri, nikaiweka. Drab rooms, five minutes from the beach. Tangazo likakaa hewani siku tisa! Siku ya kumi mgeni mmoja akatuma kicheko na kuuliza kama ndo utani wa kwetu. Drab ni chumba kinachokutia unyonge, rangi zimekufa, kwa Kiswahili ungesema kimedorora. Nimekuja kusoma kwenye kamusi ya kawaida kwamba neno lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa la kitambaa, wakimaanisha nguo isiyotiwa rangi, na beige nayo Kifaransa, sufu ilivyo bila kutiwa rangi. Yaani kitambaa kisichotiwa rangi kimewakera Waingereza mpaka wakakitolea matusi mawili. Kitabu changu hakisemi lolote kati ya hayo.

Kinachoniuma zaidi ni hapo kwenye chakula. Bland na insipid vimekaa jirani kabisa kama mapacha, kumbe wapi. Mwenye vidonda vya tumbo daktari anaweza kumwambia ale bland, na hakuna aliyetukanwa, chakula laini kisicho na pilipili, uji wa mgonjwa ule. Asili yake Kilatini ni kitu laini, hata cha kubembeleza. Insipid ni ile chapwa yenyewe, ulitarajia ladha na haipo, hiyo haijawahi kuwa sifa hata siku moja. Vapid ilianza kwenye mvinyo uliochacha ladha ikakimbia, siku hizi wanasemewa watu wanaoongea sana na hamna kitu ndani. Mtu ambaye amepika mchuzi ukawa maji matupu hizi tofauti anazijua mdomoni kabla hajafungua kitabu chochote, ila kitabu chenyewe kinazichanganya kwenye sufuria moja.

Mengine ukiyafuatilia ni hadithi kabisa. Banal, enzi za mabwana wa Ufaransa wenye ardhi, kinu na tanuri la mikate vilikuwa vya bwana na wakulima wote lazima wasage na kuoka hapohapo, kwahiyo neno likawa kitu cha kila mtu, mwisho likawa kitu kilichochakaa kwa kutumiwa na kila mtu. Pedestrian ni mwenda kwa miguu, ukiambiwa umeandika hivyo maana yake maandishi yanatembea chini, hayarukiruki. Jejune ni Kilatini cha tumbo tupu, la mtu aliyefunga, na kipande kimoja cha utumbo mwembamba madaktari wanakiita kwa jina hilohilo mpaka leo.

Ila lililonifanya nifunge kitabu kwa hasira ni vanilla. Nimelikuta limepangwa pale na plain na ordinary, limetulia. Jamani! Mimi shangazi yangu ana vanila zake Kagera, njooni niwaambie kama hicho ni kitu cha kawaida. Ua linafunguka siku moja tu, asubuhi, ukilala umelikosa, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha kwahiyo unafanya wewe mwenyewe kwa kijiti, unainua kile kiutando unabana kwa kidole gumba, ua moja moja shamba zima. Mbinu hiyo aliigundua mtoto wa miaka 12, mtumwa, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841. Baada ya hapo maganda yanakaa mtini miezi tisa hivi, ukishavuna unayatia maji ya moto, unayafunika kwa mablanketi yatoe jasho, unaanika unaanua wiki kwa wiki mpaka yawe meusi yanang'aa, na muda wote huo unalinda na wezi. Kwa bei ya viungo, ukitoa zafarani ndo inafuata yenyewe. Sasa kwa vile aiskrimu ya vanila ipo kila duka, tena nyingi ni ya kemikali wala vanila haijaiona, basi mtu asiye na mvuto anaitwa vanilla. Nilimsimulia shangazi, akasema huyo aliyesema hivyo aje ashinde shambani siku moja.

Nisiwe mchoyo, uzuri upo. Lile tatizo la neno lipo kwenye ncha ya ulimi halitoki, hapo kitabu kinasaidia kweli, unafungua unalikuta linakusubiri, na umeme ukikatika chenyewe kipo na bando hakili. Kwa mtu ambaye Kiingereza anakijua tayari na anakumbushwa tu, elfu 12 sio hela ya kulia. Kwa anayejifunza, usikiguse bila kamusi ya maana pembeni, ukiokota neno huku unaenda kulikagua kule, la sivyo utatangaza gesti ya watu imedorora. Na ukiwa na uwezo ongeza hela utafute zile zenye sentensi za mfano chini ya kila neno, zipo, ni nene zaidi na bei imechangamka. Mimi pembezoni nimeanza kujaza Kiswahili kwa penseli, chapwa, yupo yupo, imepooza, haijanoga, mtu baridi, na hizo kurasa ndo natumia kuliko zote.

Nyota tatu kati ya tano.

Nyongeza: nimeshaandika yote hayo mzee kapiga tena. Baada ya yale maneno ya beige alitundika kanga mbili ukutani namba 3 na kwenye mayai siku hizi kuna kitunguu na pilipili hoho, leo mgeni kamwandikia quirky, anataka kujua ashukuru au agombe. Nikakimbilia kitabu, herufi Q. Kurasa zimechanwa kuanzia katikati ya P mpaka R imeshaanza, miezi minne sijawahi kuona. Nyota zibaki mbili na nusu.